Karnesheni Inapokataa: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Mkulima wa karnesheni, ua la kukata na kuuza, akiona jani la manjano, wazo la kwanza ni apige dawa gani. Shida nyingi za mmea huu hazina dawa dukani. Chanzo chake kimo katika umbo lenyewe: vifundo vya shina, nta ya majani, kikombe kinachoshika ua. Ukilijua umbo, dalili nyingi utazisoma ukiwa umesimama pale tutani.

Karnesheni, Dianthus caryophyllus, ni mojawapo ya spishi zaidi ya 300 za jenasi Dianthus, jina lililowekwa na Linnaeus mwaka 1753. Nyingi kwao ni Ulaya na Asia, na karnesheni yenyewe inahusishwa na nchi za pwani ya Mediterania. Afrika nayo ina spishi zake za porini, hasa kusini mwa bara. Huku kwetu tumeijua kwa biashara. Naivasha ilikuwa ikisafirisha karnesheni kwa wingi kabla waridi halijatawala mabanda ya plastiki.

Shika shina moja ulitazame. Lina vifundo vilivyovimba na pingili kati yake, kama muwa mwembamba. Kwenye kila kifundo majani mawili yanatazamana, na chini yameungana yakalizunguka shina. Juu ya jani kuna nta ya kijivu-buluu. Ikwangue kwa ukucha uone kijani kinavyotokea. Kila shina huishia kwa ua, na likishachanua halina jingine. Mavuno yajayo yatatoka kwenye machipukizi ya vifundo vya chini. Ua limekaa ndani ya kikombe kirefu cha kijani, ambacho ni sepali 5 zilizoungana, na chini ya kikombe kuna vijani vidogo vilivyobana. Karnesheni ya porini ina petali 5 zenye kingo za meno-meno, stameni 10, na ovari moja yenye shingo 2. Ya biashara ina petali 40 au zaidi ndani ya kikombe kilekile cha sepali 5. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mzizi wa shida ya kwanza.

Kikombe kimepasuka ubavuni

Hii inaudhi kuliko zote kwa sababu mmea ni mzima kabisa. Shina limenyooka, majani hayana doa, ua ni kubwa, lakini kikombe kina ufa na petali zimemwagikia upande mmoja. Mnunuzi atalishusha daraja au atalikataa.

Chukua tumba lililopasuka ulichane kwa wembe kutoka juu hadi chini. Zihesabu petali, kisha hesabu za ua lililofunguka vizuri kwenye tuta hilohilo. Mara nyingi za lililopasuka ni nyingi zaidi, na wakati mwingine utakuta kitumba kingine kidogo kimejibana ndani ya lile kubwa. Hiyo ni kazi ya baridi. Usiku ukishuka chini ya nyuzi joto 10 hivi wakati tumba lingali changa, mmea huongeza petali, lakini kikombe hakiongezi sepali. Joto likirudi, petali zote huvimba kwa pamoja na kikombe kinaachia kwenye mshono, pale sepali mbili zinapokutana. Ndiyo maana ufa huo huwa umenyooka. Ukiona kikombe kimetobolewa au kimeliwa ovyo, hiyo siyo baridi, ni funza, na tutamfikia.

Kinangop, Limuru na miinuko ya Arusha, matumba ya aina hii huonekana kuanzia msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti na kuendelea baada yake. Usiilaumu wiki hii. Tumba linalopasuka leo liliharibiwa wiki kadhaa zilizopita, kwa hiyo angalia rekodi zako za joto za wakati ule. Kama huna rekodi, nunua kipimajoto kinachoonyesha joto la juu kabisa na la chini kabisa, ukitundike usawa wa matumba. Kinachotundikwa karibu na paa kitakudanganya.

La kufanya ni kupunguza pengo kati ya mchana na usiku. Shusha mapazia ya pembeni jua lingali juu kidogo ili joto libaki ndani, na asubuhi yafungue kabla banda halijawa tanuri. Karnesheni hupenda usiku wa nyuzi 10 hadi 13 na mchana wa 18 hadi 24. Maji nayo yawe ya kipimo kimoja. Tuta likikaushwa siku tatu kisha likafurikishwa, petali hunyonya kwa ghafla na mshono unakatika hata kama hakuna baridi.

Upungufu wa boroni nao hupasua vikombe, ila hauji na dalili hiyo peke yake. Matumba mengine hukauka yakiwa madogo, ncha za majani huwa na rangi ya zambarau, na kifundo kimoja hutoa vichipukizi vingi vifupi vilivyosongamana. Mashamba yaliyowekwa chokaa nyingi hupata hili zaidi, maana kalsiamu ikizidi boroni hainyonywi vizuri. Pima udongo au majani kabla hujaongeza. Boroni ni kirutubisho ambacho kati ya kutosha na kudhuru kuna hatua fupi mno, na anayekisia huishia kuunguza kingo za majani.

Aina nayo ina neno lake. Karnesheni za ua moja kubwa kwa shina hupasuka zaidi. Zile za vichanuo vingi vidogo hupasuka kidogo sana. Wapo wanaovisha kila tumba kiraba chembamba au utepe lianzapo kufunguka. Inafanya kazi, na kwa tuta moja la kuuza mjini si mbaya, lakini kwa robo ekari ni kumlipa mtu afunge kosa la mapazia.

Mmea unanyauka

Hapa usikimbilie maji. Kunyauka kwa karnesheni kuna vyanzo vinne vikubwa na kila kimoja kina mahali pake pa kuanzia. Ng'oa mmea mmoja pamoja na mizizi, shika kisu kikali, tafuta kivuli ukae.

Tazama kwanza usawa wa udongo. Kama shina limeoza hapo, ni la kahawia na linavunjika ukiligusa, huku mizizi ya chini ikiwa bado myeupe, umepata Rhizoctonia, kuvu ya kuozesha shina. Sababu yake kubwa ni kipandikizi kuzamishwa. Karnesheni hupandwa juujuu, mizizi ifunikwe tu na shina libaki nje, hata kama miche italala ovyo siku za mwanzo. Vibarua wapya huona miche imelala wakaihurumia, wakaisimamisha kwa kuizika hadi kifundo cha pili, na wiki mbili baadaye mstari mzima unakatika. Ikishatokea, kilichooza hakiponi. Kwa iliyobaki, fukua udongo uliozunguka shina na upunguze maji.

Kama shina la chini ni zima lakini mizizi imegeuka kahawia, na ukiuvuta mzizi ngozi inatoka ikabaki nyuzi katikati, hiyo ni Pythium, kiini cha kuozesha mizizi, na Pythium huletwa na maji yaliyosimama. Inua tuta, fungua mifereji, kagua dripu inayovuja.

Kama mizizi kwa macho ni mizima kabisa, sasa pasua shina kwa urefu kuanzia chini. Mistari ya kahawia ndani ya mti wa shina, iliyopanda kupitia kifundo hadi kifundo, ni mnyauko fuzari, Fusarium oxysporum f. sp. dianthi. Nje ulikuwa unajionyesha: majani ya chini ya manjano upande mmoja tu, tawi moja limenyauka na jirani yake kwenye shina hilohilo bado la kijani, ncha ya chipukizi imepinda kuelekea upande mgonjwa. Upande mmoja ndio alama yake, kwa sababu kuvu hii huziba mishipa ya maji na haianzi kuziba yote kwa pamoja. Joto la udongo likiwa nyuzi 25 na zaidi, inakwenda mbio.

Na kama ndani ya shina kunanata vidoleni na ngozi ya nje imechanika kwenye pingili, huenda ni bakteria, Burkholderia caryophylli. Huu si wa kila siku, lakini ukiuona usiendelee kukata kwa kisu hichohicho.

Kuhusu fuzari nitasema wazi: mmea ulioingiwa hauna dawa. Atakayekuuzia ya kumwagilia anauza matumaini. Ng'oa mmea na jirani zake pamoja na udongo wa mizizi, tia kwenye mfuko papo hapo tutani (usiuburute kwenye njia ukimwaga udongo), kachome. Spora zake hukaa udongoni miaka mingi, kwa hiyo tuta hilo lisipandwe karnesheni tena wala Dianthus nyingine yoyote. Waridi haliguswi na aina hii ya fuzari. Wanaotaka kuendelea na karnesheni palepale huhamia kwenye mifuko yenye pumisi au makapi ya nazi, au huuchemsha udongo kwa mvuke, kazi ghali. Kabla ya kupanda, mambo matatu husaidia kweli: vipandikizi safi kutoka kwa mzalishaji anayekaguliwa, aina yenye ukinzani (kuvu hii ina makundi yanayoitwa rasi; rasi namba 2 ndiyo iliyoenea zaidi duniani, kwa hiyo uliza ukinzani ni wa rasi ipi), na pH ya udongo ya 6.5 hadi 7 pamoja na mbolea ya nitrojeni ya naitreti badala ya ya amonia.

Mfugaji wa kuku huogopa wageni bandani. Mwenye karnesheni naye aogope buti zao.

Ncha za majani

Tofautisha mambo matatu. Ncha za majani mawili machanga zimegandana na chipukizi limejikunja: hii hutokea miezi ya mawingu. Majani ya karnesheni huzaliwa yakiwa yamebanana uso kwa uso, na mwanga ukiwa hafifu hayaachani kwa wakati. Osha plastiki ya paa, angalia potasiamu. Usiyavute kwa mkono. Mengi hujiachia yenyewe, na yaliyochanwa hubaki na kovu shinani.

Ncha za majani machanga zimeungua kahawia: kalsiamu haikufika. Mara nyingi ipo udongoni lakini hewa ya banda ni nzito, jani halipumui maji, na kalsiamu husafiri na maji tu. Fungua mapazia kabla hujafungua mfuko wa mbolea.

Ncha za majani makuukuu zimekauka na kupauka: potasiamu pungufu, au chumvi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana sodiamu na floridi nyingi, na dripu huyarudisha mahali palepale kila siku. Pima EC, yaani kiasi cha chumvi, ya maji na ya udongo, kisha amua kama tuta linahitaji kuoshwa.

Majani yamepauka, yana vidoti na utando mwembamba

Utitiri mwekundu, na kipindi cha kiangazi ndio adui wa kwanza. Geuza jani, au gonga chipukizi juu ya karatasi nyeupe uone vidoti vinavyotembea. Banda likiwa na joto, kizazi kipya hukamilika kwa wiki moja hivi, kwa hiyo kuchelewa siku chache ni kosa la gharama.

Wengi hupiga dawa sahihi na bado hawaui. Sababu ni zile sehemu mbili za umbo: nta, na majani yaliyolikumbatia shina. Dawa ikigonga nta hujikusanya matone na kudondoka. Utitiri umejificha ndani ya makutano ya jani na shina ambako hakuna tone lililofika. Tia kinatishi (kiambata kinachoifanya dawa ishike jani), tumia pua ya bomba inayotoa ukungu mwembamba, na piga kutoka chini kwenda juu. Usizidishe kinatishi wala mafuta, kwa sababu nta ikiyeyuka jani hubaki na mabaka ya kijani kitupu, na hilo haliondoki. Badilisha kundi la dawa kila baada ya mapigo machache, na hakikisha imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu: Kenya ni PCPB, Tanzania ni TPHPA. Utitiri mlaji Phytoseiulus persimilis hutumika sana kwenye maua, lakini anataka hewa yenye unyevu. Ukimmwaga kwenye banda kavu la Februari umetupa pesa.

Petali zina michirizi myeupe. Tumba lina tundu

Michirizi kwenye petali za rangi nzito ni thripsi, wadudu wadogo sana wembamba. Huingia tumba likianza kuonyesha rangi, na dawa ya juu haiwafikii humo ndani. Weka mitego ya kunata ya buluu, na ng'oa magugu ya pembeni. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Stellaria media na Drymaria cordata, yale magugu laini yanayotambaa kwenye vivuli vya nyanda za juu, ni jamaa wa karnesheni, wa familia moja ya Caryophyllaceae. Stellaria hasa huhifadhi thripsi pamoja na virusi vya nyanya wanavyovieneza.

Tundu la mviringo kwenye kikombe, na kinyesi cha chengachenga pembeni, ni funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, yuleyule wa pamba na nyanya. Akishaingia ndani, okota tumba uliharibu. Hesabu ya mayai na viwavi wadogo ndiyo yenye faida.

Madoa

Vumbi la kahawia linalotoka ukipapasa jani ni kutu, Uromyces dianthi. Doa la zambarau lenye kitovu cha kijivu na unga mweusi ni Alternaria, ambayo hupenda pia vifundo, ikalikata shina hapo. Pete ndani ya pete ni Cladosporium. Zote ni kuvu, na zinataka jani lililolala na maji. Mwenye dripu, banda lisilovuja na hewa inayopita haoni sana mambo haya, na anayemwagilia kwa mpira jioni ataziona zote.

Mashina dhaifu, au majani bila maua

Shina zuri hukatika kwa sauti kwenye kifundo. Likijikunja bila kukatika limekuzwa kwa joto na kivuli: mchana wa zaidi ya nyuzi 25 kwa muda mrefu, plastiki chakavu, nitrojeni nyingi na potasiamu haba. Nyavu za kushikilia hazitibu, zinaficha.

Kuhusu maua kuchelewa, kumbuka karnesheni huchanua haraka zaidi siku zikiwa ndefu. Karibu na ikweta siku ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo hutoa maua bila kukoma lakini haina ile haraka ya kiangazi cha Ulaya. Miezi mitano hadi sita tangu kupanda hadi ua la kwanza ni kawaida, na kila ukikata kichwa cha mche umejiongezea subira. Lakini mmea mmojammoja ukigeuka kichaka cha vijishina vyembamba vya nyasi visivyo na tumba, wakati jirani zake wanachanua, huo ni badiliko la kurithi. Ng'oa, na usichukue kipandikizi kwake kamwe.

Wa Mombasa na Dar es Salaam wanaoniuliza kwa nini karnesheni zao zinakufa bila ugonjwa: usiku wenu haupoi. Jaribuni Dianthus chinensis kwenye chungu chenye udongo unaochuja maji, pahali penye jua la asubuhi. D. barbatus msijisumbue, maana aina nyingi zake zinataka kipindi cha baridi ndipo zitoe ua.

Ua limelala baada ya kukatwa

Petali zimejikunja kuelekea ndani na ua limefumba ingawa shina bado la kijani. Hii ni gesi ya ethilini, na katika maua ya biashara karnesheni ni miongoni mwa yanayoiogopa zaidi. Hutoka kwenye ndizi, maembe na parachichi yanayoiva, kwenye moshi wa gari na jenereta, na kwenye ua lenyewe: likichavushwa au likizeeka, shingo na ovari huanza kuitoa na petali zinafuata. Kwa hiyo stoo ya maua isiwe stoo ya matunda, hata kwa usiku mmoja, na pikapu isingoje mlangoni huku injini inaunguruma.

Mwaka 1978 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa mchanganyiko wa madini ya fedha na thiosalfeti, STS, huzuia ethilini na kurefusha sana maisha ya ua hili. Mashamba makubwa yanauelewa vizuri. Ni metali nzito, mabaki yake hayamwagwi mtoni; mdogo asiye na njia ya kuyahifadhi aangalie 1-MCP, gesi nyingine inayozuia ethilini. Kwa anayenunua shada la nyumbani, lililo muhimu ni mahali pa kukata: kata pingilini, kati ya vifundo viwili. Ukikata kwenye kifundo shina linanyonya kwa shida.

Ua jeupe limetoka na mistari mekundu

Haina ugonjwa. Karnesheni nyingi za biashara zilitokana na William Sim, aina nyekundu iliyozalishwa Maine, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930, ambayo ilitoa mabadiliko mengi ya rangi. White Sim, kwa mfano, ina tabaka la nje la seli nyeupe juu ya kiini cha seli nyekundu, na kiini kikipenya juu unaona mstari, tawi zima jekundu, au ua nusu kwa nusu. Kata tawi hilo uliuze kando, na vipandikizi uchukue kwenye mashina yanayotoa rangi safi tu. Kama aina hiyo imesajiliwa chini ya haki za wagunduzi wa mbegu, hata hivyo huruhusiwi kuzalisha vipandikizi vyake vya kuuza bila leseni, na wakaguzi huanza kwa kuomba risiti.

Wakati wa kuchukua vipandikizi vunja kwa vidole kwenye kifundo, usikate. Kisu hubeba utomvu kutoka mmea hadi mmea, na virusi vya mabaka ya karnesheni vinaenea kwa njia hiyo vikipunguza maua bila kuonyesha dalili ya kumshtua mtu.